Mfuma nyavu wa Masira aliyeutambua wavu wa mwanawe

Saa moja kasorobo asubuhi, jua limeshaufikia ukuta wa nyuma wa nyumba ya Khamisa Suud. Amekaa juu ya busati, mguu mmoja kaunyoosha, kidole gumba cha mguu kimeubana wavu usiteleze. Mkono wake wa kushoto unapita na sindano ya plastiki iliyojaa uzi, unazungusha, unavuta, unakaza. Macho hayapo kwenye kazi. Yanaitazama barabara ya changarawe itokayo Hilf, mji mkubwa wa kisiwa hiki, ingawa leo, zaidi ya mwandishi aliyekwisha fika, hatarajiwi mtu mwingine.

"Mikono inajua yenyewe," anasema. "Kazi hii naifanya tangu nna miaka kumi na tatu. Leo nna hamsini na tisa. Kama haijajua mpaka sasa, basi tena."

Wavu alio nao ni wa Aflah, jirani yake. Papa kaupasua pahala kumi na moja. Khamisa ataumaliza kesho adhuhuri na atalipwa riali tisa. Zamani mwezi mmoja ulimletea nyavu ishirini, mpaka akawa anawarudisha watu. Mwezi uliopita zimekuja nne.

Sidaira, kijiji anachoishi, kiko kusini mwa Masira, kisiwa kilicho ng'ambo ya pwani ya Sharqiyah, nchini Oman. Kutoka Sur ni saa nne za gari mpaka bandari ya Shanna, kisha pantoni, kisha gari tena. Bahari ikichafuka pantoni haitoki, na aliye kisiwani atakaa kisiwani, awe mzima awe mgonjwa.

Khamisa alipoletwa hapa bi harusi, Sidaira ilikuwa na nyumba arubaini na moja. Leo zinazotoka moshi wa chakula ni kumi na saba. Nyingine zina kufuli, na mbili tatu hazina hata kufuli. Samaki wamesogea mbali, mafuta yamepanda, na vijana wamekwenda Sur, Ibra na Muscat kutafuta kazi za mshahara.

"Anayebaki hapa ni mzee, au asiye na pa kwenda, au mkaidi," anasema. "Mwanangu alikuwa mkaidi."

Mwanawe huyo, Wadhah, alitoka kuvua tarehe 14 Novemba 2022 na hakurudi. Hakuna aliyemuona akifa. Hata hivyo mahakama ilipotaka shahidi wa kifo chake, alisimama mama yake mwenyewe, na ushahidi aliokuwa nao ulikuwa kipande cha wavu kisichozidi urefu wa kanga.

Habari ya wavu huo inaanzia Unguja. Baba yake Khamisa, Suud, alikuwa mfuma nyavu wa Malindi, mjini Zanzibar. Mwaka 1971 aliihamishia familia yake Sur, Khamisa akiwa na miaka mitano. Hawakuja na kitu ila nguo na sindano tatu za kufumia, moja ya mbao na mbili za pembe.

Suud alikuwa mashoto, yaani mtu wa mkono wa kushoto. Fundo lake lilizunguka kinyume na mafundo ya wenzake. Wafumaji wa Sur walimcheka, wakisema wavu wake umefumwa ndani ya kioo. Hakuwa na mtoto wa kiume. Alimkalisha binti yake mbele yake, akamfundisha.

"Mie si mashoto," anasema Khamisa. "Nakula kwa mkono wa kulia, naandika kwa mkono wa kulia. Lakini kufuma nilijifunza kwa kumtazama baba, na baba alitumia wa kushoto. Nkajaribu kubadilisha nilipokuwa mkubwa, nkashindwa. Fundo likatoka bovu. Basi nkaliacha kama alivyoniachia."

Akiwa na miaka ishirini na moja aliposwa na Musallam, mvuvi wa Masira aliyekuwa akileta nyavu zake Sur kushonwa. Musallam hakujua Kiswahili, na mpaka leo anachojua ni salamu na majina ya vyakula. Walizaa watoto wanne. Watatu ni wanawake, wote wameolewa bara. Wadhah alikuwa wa mwisho.

Kwa mama yake alizungumza Kiswahili, kwa baba yake Kiarabu, na kwa mashine ya boti, anasema Khamisa akitabasamu kidogo, alizungumza matusi ya lugha zote mbili.

Wadhah angeweza kuondoka. Alipata nafasi kwenye kampuni moja ya usafiri Ibra, akafanya miezi mitano, akarudi. Alimwambia mama yake kwamba kule anaamka, anaingia garini, anatoka garini, analala. Akanunua boti ya faiba ya futi ishirini na tatu, akamchukua Shohag, mfanyakazi kutoka Bangladesh mwenye umri wa miaka arubaini na moja, wakaanza kuvua pamoja.

Kisha akaja Reem. Reem ni mwalimu wa hisabati, mzaliwa wa Manah, karibu na Nizwa. Babu yake alikuwa mfanyabiashara Bujumbura kabla ya kurudi Oman. Serikali ilimpangia skuli ya Masira, na alikuja akihesabu miezi ya kuondoka. Siku moja alimsikia mwanamme dukani akizungumza na simu kwa Kiswahili, akageuka. Mwanamme alikuwa Wadhah, na aliyekuwa upande wa pili wa simu alikuwa Khamisa, akimkumbusha kununua bizari.

Walioana mwaka 2019. Mwaka uliofuata akazaliwa Basma.

"Kiswahili cha Reem ni cha kuvunjikavunjika," anasema Khamisa. "Husema 'hii mtoto', 'hii wavu'. Wadhah alikuwa akimcheka, naye akimwambia, basi wewe nifanyie hisabati. Nyumba ilikuwa na maneno, nyumba hii."

Siku aliyotoka ilikuwa Jumatatu. Wadhah na Shohag walisukuma boti baada ya sala ya alasiri, wakiwa na jarife, wavu mrefu wa kuachia uelee na maji. Wiki ile ile Khamisa alikuwa ameushona upya. Uzi wa buluu ulimwishia katikati ya kazi, na duka la Hilf halikuwa nao, akamalizia pande moja kwa uzi wa kijani.

Wadhah aliutazama, akamwambia: "Mama, umenifumia bendera?"

Akamjibu: "Samaki hawasomi rangi. Nenda."

Ndilo neno la mwisho alilomwambia.

Aflah alikuwa baharini siku hiyo hiyo, maili chache kaskazini. Anasema bahari ilikuwa shwari. Kabla ya alfajiri aliona taa nyingi kwa mbali, za meli kubwa, zikipita upande alikokuwa Wadhah. Hakusikia kitu. Aliporudi pwani asubuhi alikuta nafasi ya boti ya Wadhah iko wazi, akadhani wamekwenda kuuza moja kwa moja Hilf.

Walinzi wa pwani walitafuta, na boti zote za Sidaira zikatoka. Siku tisa. Walipata dumu moja la mafuta ambalo lingeweza kuwa la mtu yeyote. Ile meli haikujulikana, wala haikuthibitika kama iligusa kitu.

Musallam, aliyekuwa na miaka sabini, alikwenda bandarini kila siku baada ya adhuhuri kuwauliza mabaharia wa pantoni kama wamesikia lolote. Reem aliendelea kufundisha. Akirudi nyumbani alifukiza nguo za mumewe udi, akazikunja, akazirudisha kabatini. Jioni alimpikia chai yake ya maziwa na zaatar, majani ya kunukia, akaiacha mezani mpaka ikapoa.

"Hatukumkataza," anasema Khamisa. "Nani angemkataza? Na mie nilikuwa nasikiliza mlango."

Siku ya ishirini na saba, Khamisa aliteremka ufukweni upande wa magharibi ya kijiji, kama afanyavyo baada ya upepo mkali. Bahari hutupa nyavu chakavu, naye huzikata apate kamba na maboya ya kutumia tena. Alikuwa peke yake.

Aliona rundo kubwa limefunikwa mchanga nusu. Ndani yake mlikuwa na kasa, amekufa siku nyingi, shingo imenaswa. Khamisa akatoa kisu amkate, kwa sababu hapendi kumwacha mnyama kafungwa hata akiwa maiti. Akashika uzi. Ulikuwa wa kijani.

"Nkasema, uzi wa kijani uko mwingi duniani. Nkakaa chini. Nkaupangusa mchanga, nkalitazama fundo. Limekwenda kushoto. Nkatazama la pili, la tatu. Yote yamekwenda kushoto. Wallahi sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyefungua mlango wa chumbani kwake akajikuta amelala ndani."

Wavu ule haukukatwa kwa kisu. Kamba ya juu, nene kama kidole, ilikuwa imekatika na kuchanuka kama ufagio. Jarife hufungwa kwenye boti. Wavuvi wote wanajua kinachoweza kuikata kamba kama ile: meli kubwa ikipita juu yake.

Khamisa alikata kipande chenye uzi wa buluu na wa kijani, akakiweka ndani ya buibui lake. Wavu uliobaki na yule kasa akawafunika kwa mchanga, kwa mikono, mpaka jua likawa kichwani. Akarudi nyumbani. Reem alikuwa ameshatoka skuli.

"Mama, ulikuwa wapi? Hii mchanga yote ya nini?" akamuuliza.

"Nilianguka," akajibu.

Kile kipande alikitia ndani ya foronya ya mto wake. Akakilalia siku arubaini na moja bila ya kumwambia mtu.

Anapoulizwa kwa nini, huiweka sindano chini. Ndilo swali ambalo kijiji kizima kilimuuliza, na hadhani kuwa amewahi kulijibu vizuri.

"Nikisema, basi mie ndiye niliyemzika. Si bahari, mie. Nikinyamaza, anaweza kuwa yuko pahala. Pakistani, Somalia, kachukuliwa na meli, hana simu. Musallam alikuwa na hadithi hizo kila siku, na Reem akizisikiliza. Mie nilikuwa nazisikiliza kama wao. Nilikuwa najua na huku nangoja. Sijui kama utanifahamu."

Wakati huo huo, mambo ya nyumba yalikuwa yamesimama. Sheikh wa Hilf alimweleza Reem kuwa mtu aliyepotea bila ya ushahidi wa kifo hungojewa miaka minne. Miaka hiyo yote mkewe ni mke wa mtu. Hakai eda, haposwi, na mali ya mume haigawiwi. Reem alikuwa na miaka ishirini na sita. Alimwambia sheikh kwamba minne si mingi, kama ni kumi atangoja kumi.

Khamisa alikuwa nyuma ya pazia akayasikia. Akanyamaza.

Kilichomfungua kinywa kilitoka mbali zaidi. Kila Ijumaa, mke wa Shohag alipiga simu kutoka kijijini kwao Bangladesh. Alimpigia rafiki wa mumewe, mfanyakazi wa kiwanda cha barafu, na yeye akaileta simu nyumbani kwa Musallam, akatafsiri kwa Kiarabu chake cha kazini. Mara nyingi swali lilikuwa moja: kuna habari? Na jibu lilikuwa moja.

Ijumaa ya tarehe 20 Januari, mwanamke yule hakuuliza habari. Alizungumza maneno mengi, na mfasiri akakuna kichwa. Musallam akamwambia aseme.

"Anasema, kwao mwanamke akifiwa na mume huvua kipini cha pua," mtu yule akasema. "Mama mkwe wake anamwambia akivue. Baba yake anamwambia asikivue. Kila akipita, watu wanamtazama pua. Anakuulizeni nyinyi mnaokaa na bahari, akivue au asikivue?"

Musallam akasema: "Mwambie, Mungu ndiye ajuaye."

Khamisa alikuwa ameshika sinia ya kahawa. Aliiweka chini, akarudi jikoni bila ya kummiminia mtu.

"Yule mwanamke sijapata kumuona. Sijui hata sura yake. Lakini nkaona kuwa kipini chake mie ndiye niliyekishika. Mwanangu nna haki ya kumficha, labda. Mume wa mtu, haki hiyo sina."

Asubuhi yake akaichana foronya. Akamkuta Musallam uani, anatia udhu, akamwekea kile kipande mapajani.

Musallam alikitazama muda mrefu. Yeye pia ni mvuvi. Akakinusa, kisha akauliza kwa Kiarabu: "Siku ngapi?"

"Arubaini na moja."

Mzee akasimama, akaenda akasali, akarudi akakaa pale pale. Hakumsemesha mkewe kwa siku kumi. Aliacha pia kwenda bandarini.

Reem alikuwa tofauti. Reem alipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

"Ulijua?" Khamisa anayakumbuka maneno yake moja moja. "Mimi napika chai yake, wewe unanitazama, na unajua? Nakunja nguo zake, na unajua? Mama, mimi nilikuwa kichekesho ndani ya hii nyumba?"

Akamchukua Basma na begi moja, akahamia kwenye nyumba ya walimu, Hilf.

Kijiji kiligawika. Waliosema kwamba mama mwenye moyo asingeweza kukaa kimya siku hizo zote walikuwa wengi. Wengine walisema kwamba kipande cha wavu si maiti, na kwamba mwanamke huyu anataka kumuua mwanawe kwa uzi. Mwanamke mmoja aliyekuwa rafiki yake miaka thelathini aliuchukua wavu wa mumewe uliokuwa ukishonwa, haujakwisha, akaondoka nao mabegani.

Khamisa akaenda Hilf kwa miguu nusu ya njia, nusu kwa gari ya samaki, akatoa maelezo yake polisi. Akawapeleka ufukweni, wakaufukua wavu. Akampigia mke wa Shohag simu kupitia mfanyakazi yule yule. Mfasiri alipomaliza kusema, upande wa pili hakukuwa na kilio. Kulikuwa na sauti ya kuku, anasema, na mtoto akiita, kisha simu ikakatwa.

Kesi ya kuthibitisha kifo ilipangwa kusikilizwa Sur mwezi wa Machi. Siku ya safari, saa kumi na mbili asubuhi, Khamisa na Musallam walikuwa bandarini wakingoja pantoni. Gari ya skuli ikasimama. Reem akateremka na mtoto.

Hakutoa mkono. Alisema tu: "Shikamoo. Nitakwenda na nyinyi." Akakaa kiti cha nyuma yao mpaka Shanna.

Mbele ya kadhi, Khamisa aliulizwa swali ambalo alilitarajia: kati ya maelfu ya nyavu za bahari hii, amejuaje kuwa huu ni wa mwanawe? Akaeleza habari ya baba yake. Kadhi akasikiliza, akasema kwamba maelezo si ushahidi.

Akaomba ruhusa ya kuonyesha. Akatoa mkobani uzi na sindano, akavua kiatu, akakaa chini sakafuni mbele ya watu wote, akabana uzi kwa kidole cha mguu. Akafuma macho sita ya wavu.

Mahakama ilikuwa imemwita mzee mmoja fundi wa nyavu kutoka Ashkhara, mji wa wavuvi wa pwani hiyo, asiyemjua Khamisa. Alipewa vipande viwili, cha ufukweni na kilichofumwa pale. Akavigeuza, akaviweka juu ya goti, akavaa miwani.

"Nimeshika nyavu miaka hamsini," akasema. "Fundo hili sijapata kuliona kwa mtu. Leo nimeliona mara mbili."

Kadhi akamuuliza Khamisa, kwa upole: "Unashuhudia nini, mama?"

"Nashuhudia kuwa wavu huu nimeufuma mimi, akatoka nao mwanangu siku ile. Na nashuhudia kuwa mwanangu asingeuacha wavu wangu akiwa hai."

Nyuma yake Reem akaanza kulia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Novemba, kwa sababu mpaka siku hiyo aliona kuwa kulia ni kukubali. Khamisa hakugeuka.

Mwezi wa Juni mahakama iliuunganisha ushahidi huo na ripoti ya walinzi wa pwani na maneno ya Aflah, ikahukumu kuwa Wadhah na Shohag walifariki baharini. Karatasi ya Shohag ilitumwa kwao, na familia yake ikalipwa fidia ya kazi. Kijijini Sidaira walisali sala ya maiti bila ya maiti, wanaume kumi na tisa ndani ya msikiti unaoingia mia.

Reem alirudi nyumbani kwa Khamisa kukaa eda. Miezi minne na siku kumi, wanawake wawili ndani ya nyumba moja. Mwezi wa kwanza walisemeshana kwa ajili ya mtoto tu: mtoto kala, mtoto kalala. Mwezi wa pili Reem alimkuta mama mkwe wake amekaa jikoni, kashika bakuli tupu, hajui alikuwa anataka kufanya nini nalo. Akalichukua, akaketi naye chini.

"Akaniambia, mama, mimi ningefanya kama wewe. Nkamwambia, usiseme hivyo. Akasema, ningefanya. Ningekificha hata zaidi." Khamisa anajipangusa uso kwa upande wa nyuma wa mkono. "Basi. Hatukuyasema tena."

Eda ilipokwisha, Reem alisema kuwa atabaki Masira. Skuli inamtaka, mzee hajiwezi, mtoto ameizoea nyumba. Khamisa ndiye aliyekataa. Alimwandikisha mwalimu mkuu barua ya uhamisho, akaiweka mbele ya Reem pamoja na kalamu.

"Nkamwambia, hapa pana nyumba kumi na saba. Wewe umri wako haujafika thelathini. Kaa, na wewe uje uzione kufuli zikiongezeka? Nenda kwenu Manah, kuna mashamba, kuna mama yako, kuna skuli ya mtoto. Akanambia, unanifukuza? Nkamwambia ndiyo, nakufukuza."

Waliondoka Agosti mwaka jana, yeye na Basma. Toka hapo nyumba ina watu wawili. Musallam ameshatimiza miaka sabini na tatu na macho yake hayaoni vizuri. Hukaa kwenye kivuli cha tangi la maji, akisikiliza redio. Siku nyingi, anasema Khamisa, maneno yanayosemwa kutwa nzima hayafiki ishirini.

Nyavu zinapungua. Aflah amesema kuwa huu ni msimu wake wa mwisho. Mwanawe amempatia kazi ya ulinzi Sur. Akiondoka, boti zinazotoka Sidaira zitabaki sita. Khamisa hana wa kumfundisha fundo la baba yake. Binti zake hawakulitaka, na yeye hawalaumu.

Anapoulizwa kama anajuta kuzishona nyavu, anafikiri, kisha anatikisa kichwa. Anajuta siku arubaini na moja. Hizo tu.

Jumanne iliyopita simu ilipigwa kutoka Manah. Reem alizungumza kwanza habari za skuli, kisha habari za Basma na meno yake, kisha akarudia za skuli. Khamisa akamwambia aseme anachotaka kusema.

Kuna mtu amekuja kuposa. Anaitwa Yazeed, mfamasia wa Nizwa, mkewe alifariki kwa maradhi miaka minne iliyopita. Baba yake Reem ameridhika. Reem amewaambia wangoje, kwa sababu kuna mtu lazima amuulize.

"Mie ndiye wa kuulizwa," anasema Khamisa. "Mama wa Wadhah. Nilikaa na ile simu, nkaona kuwa sasa ndiyo naziba kaburi. Nkamuuliza, anampenda mtoto? Akasema, anampenda. Nkamuuliza, anavua? Akacheka, akasema, mama, yule hajui hata kuogelea. Nkamwambia, basi, olewa."

Musallam amesema kuwa yeye hataweza kwenda harusini, na Khamisa hakumlazimisha. Binti yao wa pili atakuja kukaa naye wiki hiyo.

Harusi ni Disemba, siku ya Alkhamisi. Khamisa ameshanunua kitambaa, cha rangi ya zambarau, na anatafuta nani atamshonea. Mama yake Reem amempelekea ujumbe kuwa bi harusi atakuwa na mama wawili, na kwamba Khamisa ndiye atakayekaa mkono wa kulia.

Anainama tena juu ya wavu wa Aflah, anatafuta pahala alipoachia. Anataka kujua kama mwandishi anaweza kumtazamia kwenye simu pantoni ya Disemba inatoka saa ngapi.

"Nitavuka Jumapili," anasema. "Siku nne kabla. Bahari ikichafuka Jumapili, nitangoja Jumatatu. Ikichafuka Jumatatu, nna Jumanne. Nimezihesabu. Sitaki Reem aolewe mie nimekaa ng'ambo huku natazama maji."